Ukiona Vyaimba, Vimeundwa

Wahenga wa pwani walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii iliwahusu waunda vyombo vya baharini, wale waliotoa mbao na kamba wakapata jahazi au mtepe, lakini sioni kwa nini isivihusu pia vyombo vya muziki. Nimeona niianzie hapo habari ya jinsi nilivyomtafuta fundi wa magitaa katika jiji la Nairobi. Utafutaji huo ulinifunza jambo ambalo miaka yangu ya kusoma na kusomesha isimu haikuwa imenifunza, nami naamini linawahusu walimu na wanafunzi ambao ndio wasomaji wakubwa wa safu hii.

Chanzo kilikuwa swali la mwanafunzi. Alasiri moja, baada ya mhadhara wa fonolojia, binti mmoja wa mwaka wa pili alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Mkononi alikuwa na gitaa la mbao lililong'oka daraja, ile sehemu ya kifuani inayozishikilia nyuzi. Alikuwa amesikia kwamba mimi nami hulipiga chombo hicho tangu siku zangu za shule ya upili. Akaniuliza, "Mwalimu, magitaa mazuri kabisa hutengenezwa na nani?"

Nilijibu kama mtu aliyeulizwa swali alilolitamani. Nilimtajia Antonio de Torres wa Almería nchini Uhispania, aliyeishi kati ya 1817 na 1892 na ambaye umbo alilolipa gitaa ndilo linaloigwa hadi leo na watengenezaji wa magitaa ya nyuzi laini. Nilimtajia Christian Friedrich Martin, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1833 na kuanzisha kampuni ambayo jina lake lingali likiandikwa vichwani mwa magitaa ya nyuzi za chuma. Binti yule alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Asante, mwalimu. Na hapa kwetu?"

Sikuwa na jibu. Niliweza kumtajia wapigaji kumi bila ya kusita, wa Kenya, wa Tanzania na wa Kongo, lakini sikuweza kumtajia mtu hata mmoja aliyepata kulitengeneza gitaa. Yeye ndiye aliyenisaidia. "Kuna kijana Kibera huyatengeneza," alisema, "lakini watu husema ni ya kuchezea tu." Maneno hayo mawili, kuchezea tu, ndiyo yaliyonitoa nyumbani Jumamosi iliyofuata.

Kabla sijafika Kibera, msomaji na aniwie radhi nipitie kidogo katika uwanja wangu, maana maneno nayo yana ushahidi wa kutoa. Neno gitaa lina safari ndefu. Wayunani walikuwa na ala yao waliyoiita kithara. Neno hilo likapita katika ndimi za Waarabu na Wahispania, likaingia katika Kiingereza, na sisi tukalipokea na kulimalizia kwa irabu kama ilivyo ada yetu. Udi, ala kuu ya taarabu, una asili iliyo wazi zaidi: neno lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya mti au ubao, na ndiyo sababu sisi huliita kwa jina lilo hilo lile gome na gogo la kufukizia. Waarabu walipoupeleka udi wao Ulaya, Wafaransa walitohoa jina hilo wakapata luth, na kutokana nalo wakamwita fundi wa ala za nyuzi luthier. Jina hilo la heshima, ambalo leo huandikwa kwa dhahabu juu ya milango ya karakana za Paris na London, asili yake basi ni neno lile lile alitamkalo mpiga taarabu wa Mombasa au Unguja kila siku.

Isitoshe, Waswahili hawakungoja gitaa lije ndipo wajue kuunda ala ya nyuzi. Pwani kulikuwa na gambusi, lililochongwa kutoka kwa gogo moja na kuwambwa ngozi. Neno kinanda, ambalo leo humjia kijana kama ala ya vibonyezo inayopigwa kanisani, katika kamusi za karne ya 19 lilikuwa jina la ala ya nyuzi. Kando ya Ziwa Viktoria Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi 8, Wakisii wana obokano, na Wabukusu wana litungu. Kila moja ya ala hizi ilikuwa na fundi wake kijijini, na aghalabu mpigaji ndiye aliyekuwa fundi. Utengano kati ya anayepiga na anayeunda ulikuja na gitaa la kununuliwa dukani.

Na gitaa la dukani nalo limetuachia alama katika lugha. Nchini Tanzania wapo wazee ambao hadi leo huliita gitaa lisilo la umeme galatoni. Jina hilo latokana na Gallotone, nembo ya magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa na kampuni ya Gallo katika kiwanda chake cha Durban, Afrika Kusini, na kuenezwa katika sehemu nyingi za bara hili. Gitaa la aina hiyo ndilo alilolipigia John Lennon wa Uingereza mwaka 1957, kabla ya dunia kulijua jina lake. Wengine, hasa huku kwetu na Kongo, huliita gitaa kavu, kwa maana ya gitaa lisilotiwa umeme. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hilo kavu, maana tutalirudia.

Magitaa makavu ndiyo yaliyojenga muziki wa Afrika Mashariki ya kisasa. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye wimbo wake wa "Masanga" ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na vidole vyake vikawafunza vijana wengi waliomsikia redioni. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliipa sifa mitindo ya omutibo, ambamo mwenzake mpigaji hukwaruza chupa ya soda yenye mikunjo. Abana ba Nasery kutoka Bunyore waliichukua sauti hiyo ya gitaa na chupa hata ikafika London. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani aliyeishi kati ya 1924 na 2000, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulishika gitaa la umeme. Hawa tunawakumbuka, na ni haki yao. Lakini nani aliyeyatia daraja magitaa yao yalipong'oka? Nani aliyezinyoosha shingo zilizopinda? Santuri huandika jina la mwimbaji na la kampuni, nalo jina la fundi huondoka na vumbi la msasa.

Basi Jumamosi hiyo nikaenda Kibera. Mahali pale si pageni kwangu. Kwa miaka kadhaa nimewapeleka wanafunzi wa isimu kusikiliza Kinubi, lugha ya vizazi vya wale askari wa asili ya Sudan waliopewa makao hapo na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Ni Krioli iliyozaliwa kutokana na Kiarabu, na mtaalamu Bernd Heine aliiandikia kitabu mwaka 1982. Katika Kinubi jina la mahali hapo, Kibra, lina maana ya msitu. Leo mtu anaweza kupita kutoka Makina hadi Laini Saba asikutane na mti wa kumtosha kivuli, na hata hivyo mbao hazikosi: zipo katika masanduku ya mizigo, katika vitanda vilivyovunjwa, katika milango ya nyumba zilizobomolewa. Msitu ulihama tu, ukaja tena katika umbo la mabaki.

Kijana niliyeelekezwa kwake ana kibanda karibu na soko la Toi. Nilimkuta akikunja ubao mwembamba juu ya bomba la chuma lililopashwa moto kwa makaa, akiulowesha kwa maji kidogo kidogo ili usikatike. Sikuwa nimepata kuliona jambo hilo likitendwa. Mbavu za gitaa, zile pande zenye mviringo kama wa kiuno cha mtu, huzaliwa hivyo. Mgongo ulikuwa wa plaiwudi. Kile kigongo kidogo cha kichwani ambacho nyuzi hukikanyaga alikuwa amekichonga kutoka kwa mfupa wa ng'ombe alioupata kwa jirani zake. Kibera ina mafundi mashuhuri wa mifupa, ambao shanga na bangili zao huuzwa hata ng'ambo. Nikakumbuka kwamba magitaa ya bei kubwa ya Ulaya nayo hutiwa mfupa mahali papo hapo, kwa kuwa mfupa ni mgumu na huipitisha sauti vizuri.

Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ya msomi mara nyingine huwa na hatari yake. Nilimwagizia gitaa palepale. Mpwa wangu alikuwa anaoa baada ya wiki tatu, nami nilitaka nilipige siku ya arusi. Kijana alikuna kichwa. "Wiki tatu ni chache, mwalimu," alisema. Nikamwongezea pesa kidogo juu ya bei aliyoitaja, naye, kwa kuwa alikuwa na kodi ya kulipa, akakubali.

Gitaa lilikuwa tayari kwa siku yake. Lilipendeza macho, na chini ya hema la arusi lilisikika vyema. Lakini Januari ilipofika na jua la Nairobi likakausha kila kitu, shingo lilianza kuinama mbele, nyuzi zikapaa juu hata vidole vikauma, na asubuhi moja nilikuta ufa wa urefu wa kiganja kifuani pake. Tena nikagundua kasoro nyingine. Sauti za karibu na kichwa zilikuwa sawa, lakini kadiri mkono ulivyoteremka kuelekea tumboni ndivyo zilivyozidi kupanda kuliko ilivyostahili, hata wimbo ukachacha.

Siku kadhaa nilimlaumu kijana wa Kibera moyoni. Nilijikuta nikiyarudia maneno yale yale ya kuchezea tu. Nililipeleka gitaa katika duka moja mjini, na mtu wa kaunta hakulitoa hata katika mfuko wake. Alinishauri ninunue jipya kutoka rafuni. Ni bawabu wa pale mlangoni aliyeninong'oneza kwamba Kawangware kuna mzee.

Nilifuata Barabara ya Naivasha, nikapita Riruta, nikashuka penye kituo cha Kongo na kuuliza. Mzee huyo, ambaye ameniomba nisilitaje jina lake gazetini kwa kuwa hataki foleni mlangoni, ana zaidi ya miaka sabini. Alijifunza useremala akiwa kijana katika karakana ya samani ya Mhindi mmoja, kisha akaingia katika magitaa kwa kuwarekebishia wanamuziki wa mabaa, ambao walikuwa wakiyavunja usiku na kuyataka yakiwa mazima jioni ya pili yake. Karakana yake ni chumba kimoja cha mabati. Randa, patasi, misumeno na jiliwa vimepangwa ukutani kwa utaratibu ambao ningependa kuuona katika maktaba yetu.

Alilichukua gitaa langu, akaligonga kifuani kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio, kama daktari anayempima mgonjwa wa mapafu. Akaniuliza mbao zilikatwa lini. Sikujua. Akauliza lilichukua muda gani kuundwa. Nikamwambia wiki tatu.

"Nani aliyesema wiki tatu?"

"Mimi, mzee."

"Basi kijana hana kosa. Ubao ulikuwa bado unakunywa maji, wewe ukauambia uimbe."

Hapo ndipo neno kavu liliponirudia. Nyuzi za chuma 6 zikikazwa kama ipasavyo, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, yaani kama kwamba mtu mzima amening'inia kwenye shingo la gitaa usiku na mchana. Kifua kinachoubeba mvuto huo, kwa upande wake, unene wake ni kama milimita 3 tu, maana kikiwa kinene hakitetemeki na sauti hufa ndani. Ubao mbichi hauwezi kuhimili hali hiyo. Unapokauka hunywea, na unaponywea huku umegundishwa pande zote, hauna budi kupasuka.

Mzee hana chombo cha kisasa cha kupimia unyevu. Ana mizani ya duka. Kila ubao unaoingia kwake huandikwa tarehe kwa chaki na uzito wake kwa penseli, kisha hulazwa darini chini ya mabati, ukitenganishwa na mwenziwe kwa vijiti ili hewa ipite. Kila mwisho wa mwezi huupima tena. Uzito unapoacha kupungua kwa miezi mitatu mfululizo, ubao umeiva. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha njia hiyo. Akacheka. "Njaa," alisema. "Nilivunja mengi kabla sijaijua."

Kwa vifua vya magitaa yake yaliyo bora hutumia mbao ambazo sikuzitarajia kabisa, yaani vifua vya piano zilizotupwa. Piano kuukuu inapokufa katika ukumbi wa kanisa au shule, watu huuza chuma chake na kuni zake. Yeye hununua ule ubao mpana wa ndani, ambao kwa kawaida ni wa msprusi, mti wa nchi za baridi unaotumika pia kwa vifua vya magitaa ya Ulaya. Ubao huo umekuwa ukikauka na kutetemeka kwa miaka mingi. Migongo na mbavu huzitoa katika msaipresi wa milimani kwetu. Wahispania wenyewe huyajengea magitaa yao ya flamenko kwa msaipresi, wa jamii nyingine ya mti huo. Kwa ubao wa vidole hupenda mpingo, apatapo kipande. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, alizidi kutegemea mbao kuukuu. Mpingo nao hukua polepole sana, miaka 70 na zaidi kabla ya kufaa, na ulio bora huvunwa Tanzania na Msumbiji ukapelekwa ng'ambo kutengenezewa zumari za okestra. Fundi wa Kawangware huokota masalio ya wachonga vinyago.

Nilipomwambia kwa masikitiko kwamba mgongo wa gitaa langu ulikuwa wa plaiwudi, alinishangaza kwa kusema kwamba hilo halikuwa tatizo kubwa. Nami nikakumbuka niliyokuwa nimeyasoma na kuyasahau. Mwaka 1862 yule Torres niliyemtajia mwanafunzi wangu kwa majivuno aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi nzito zilizogandishwa pamoja, na kifua tu ndicho kilichokuwa cha ubao bora. Alitaka kuonyesha kwamba roho ya gitaa imo kifuani na katika mihimili iliyofichwa chini yake. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Mzee wa Kawangware hajapata kulisikia jina la Torres, lakini amefika pale pale kwa njia yake. Kijana wa Kibera, kwa upande wake, alikuwa ameanza mahali pazuri bila ya kujua.

Ile kasoro ya pili, ya sauti kuchacha, ndiyo iliyonigusa zaidi kama mwalimu. Vile vijiti vya chuma vinavyokingama shingoni mzee huviita ngazi. Alipozipima ngazi za gitaa langu aligundua kwamba kijana alikuwa amezinakili kwa karatasi kutoka kwa gitaa la kiwandani ambalo uzi wake una urefu wa sentimita 65. Lakini ubao wake wa kifuani ulikuwa mfupi kidogo, naye akalibandika daraja sentimita moja karibu zaidi. Uzi ukawa wa sentimita 64, na ngazi zikabaki za 65. Alinakili jibu la hesabu ya mtu mwingine.

Na ni hesabu hasa. Chukua urefu wa uzi, uugawe kwa 17.817. Jibu ni umbali wa ngazi ya kwanza kutoka kichwani. Kiasi kilichosalia kigawe tena kwa idadi iyo hiyo upate nafasi ya ngazi ya pili, na uendelee hivyo. Ukifika ngazi ya 12 utajikuta katikati kabisa ya uzi, mahali ambapo sauti hurudi ileile kwa kimo cha juu. Kwa uzi wa sentimita 65, ngazi ya kwanza huwa milimita 36.5 kutoka kichwani na ya 12 huwa milimita 325. Zamani Ulaya watu waligawa kwa 18, kanuni aliyoieleza Vincenzo Galilei, babake yule Galileo mwanafalaki, mwaka 1581. Kanuni hiyo hukosea kama milimita 2 tu kwenye ngazi ya 12, nayo ni tofauti ambayo sikio makini hulitambua. Mzee alikuwa na jedwali la namba hizi limebandikwa ukutani, limeandikwa kwa mkono wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto wa jirani, aliyemkokotolea kwa kikokotoo cha shule.

Nalitazama jedwali lile kwa muda mrefu. Je, ni walimu wangapi wa hisabati hapa nchini wanaolifundisha somo la mfuatano wa namba bila ya kuwa na kitu cha kumwonyesha mwanafunzi, ilhali gitaa liko nyuma ya mlango wa ofisi ya mwalimu wa muziki? Na ni mafundi wangapi wanaonakili karatasi kwa kuwa hakuna mtoto wa jirani?

Hapa ndipo ninapotaka kutua. Katika Kiswahili fundi na mwanafunzi ni watu wa nasaba moja. Mzizi ni funda, kutia mafunzo. Lugha yetu haikuwatenga mjuzi wa kazi za mikono na mjuzi wa vitabu. Mwanafunzi ni mwana wa kufundwa, na fundi ni yule aliyefundwa hata akafuzu, na ambaye kwa hiyo anaweza kumfunda mwingine. Tulipoazima kasumba ya kumwona fundi kama mtu aliyeshindwa na masomo, tuliivunja nasaba ambayo lugha ilikuwa imetuhifadhia.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikusudia kuziba ufa huo kwa kuingiza sanaa na kazi za mikono shuleni, lakini katika shule nyingi karakana hazikujengwa, na masomo hayo yakabaki ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 unatoa tena nafasi kwa sanaa za ubunifu. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lina historia tangu 1927, huwaleta maelfu ya wanafunzi jukwaani. Hata hivyo, tunawafunza watoto kuimba na kupiga, na hatuwafunzi kuunda wala kurekebisha. Ndiyo maana shule nyingi zina bohari ya ala zilizokufa kwa ugonjwa ambao mtu wa Kawangware angeutibu kwa gundi na subira.

Nilijaribu kufanya jambo dogo. Niliomba mzee huyo aalikwe mara moja kwa muhula kuwaonyesha wanafunzi kazi yake, na alipwe kama alipwavyo mhadhiri mgeni. Jibu nililolipata kutoka kwa ofisi husika lilikuwa swali: ana cheti gani? Sikulaumu sana, maana kanuni ni kanuni, na nchi yetu imeanza kuzungumzia namna ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Lakini mazungumzo hayana haraka, na mkono wa mzee umeanza kutetemeka. Wanagenzi aliokuwa nao watatu wameondoka kwenda kuendesha bodaboda, ambako mtu hulipwa siku ileile. Hakuwalaani. Alisema tu kwamba ubao hungoja, lakini tumbo halingoji.

Kwa hiyo nilirudi Kibera nikiwa na jambo la kukiri. Nilimwambia kijana kwamba gitaa limepasuka na kwamba kosa ni langu. Aliinama akalitazama, akanyamaza, kisha akauliza kama mzee huyo angekubali kumwona. Siku hizi kila Jumamosi hutembea zaidi ya saa moja kutoka Makina hadi Kawangware, akiokoa nauli. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu si mwana wa mzee kwa damu, lakini kwa sasa anavukuta: anapima mbao, anaandika uzito, anakunja mbavu. Yule binti wa mwaka wa pili, ambaye daraja la gitaa lake lilirudishwa kwa siku nne na linashika hadi leo, anakusanya majina ya sehemu za gitaa kama yasemwavyo na mafundi hao wawili: kichwa, masikio, shingo, ngazi, kifua, mbavu, mgongo, daraja. Hakuna hata moja lililohitaji kamati ya istilahi.

Msomaji ataniuliza, basi, wewe mwalimu, na tufanye nini? Nitasema machache. Mwalimu wa muziki na afungue ile bohari, atafute fundi aliye karibu na shule yake kabla ya kuandika barua ya kuomba ala mpya. Mwalimu wa hisabati na aazime gitaa kwa kipindi kimoja. Mwalimu wa Kiswahili na awatume wanafunzi wake kwa mafundi wakiwa na daftari, maana huko kuna msamiati ambao kamusi haijaufikia. Na sisi wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, tunapoagiza kitu kwa fundi wa mtaani, tulipe arbuni ya kutosha kisha tukae kimya tungoje. Wengi wetu tuko tayari kungoja miezi mitatu meli ilete gitaa kutoka ng'ambo, lakini fundi wa Kibera tunampa wiki tatu, halafu tunasema kazi yake ni ya kuchezea tu.

Nami sasa nina jibu la lile swali la hapa kwetu. Fundi wangu nimpendaye ni yule mzee aliyekataa kuniuzia gitaa. Nilimwomba aniundie jipya kwa msaipresi aliokuwa nao darini. Alipanda, akauteremsha ubao mmoja, akauweka mizanini mbele yangu, akalinganisha na namba ya penseli. Ulikuwa umepungua tena tangu mwezi uliotangulia. Akaurudisha juu. "Bado, mwalimu," alisema. "Njoo baada ya masika." Nilimwachia arbuni, naye akaliandika jina langu kwa chaki juu ya ubao, kando ya tarehe.

Kijana wa Kibera ndiye atakayeunda shingo, na mzee atasimama kando. Mimi nangoja.